Maji, Sukari na Chumvi kwa Mtoto Mwenye Kuhara

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando usiopitisha kila kitu. Mtoto aharapo sana, maji matupu hayamtoshi, kwa kuwa chumvi nayo imemtoka. Lakini katika utando wa seli za utumbo mna njia ambayo sukari na chumvi hupita pamoja, na maji huzifuata. Robert Crane alilieleza jambo hili mwaka 1960. Hata kipindupindu hakiifungi njia hiyo.

Basi, ikiwa dawa ya pakiti haipatikani, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi: ikizidi, huyavuta maji kutoka ndani ya seli, na mtoto huzidi kukauka.