Mswada Ukifika Sokoni

Asubuhi moja ya Mei 2024 jirani yangu muuza mahamri alinisimamisha mlangoni kwake. "Mwanangu, haya mafuta ya kupikia yapanda au hayapandi? Jana mmoja kwa redio kasema yapanda, leo mwingine asema ni porojo." Simu yangu ilikuwa imejaa video za uchambuzi, na moja nilikuwa nimeirekodi mwenyewe. Mswada wenyewe sikuwa nimeusoma hata ukurasa mmoja. Nilimjibu kwa kubahatisha, naye akajua.

Yalipanda kwenye karatasi. Mswada wa Fedha wa 2024 nchini Kenya ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tarehe 18 Juni mapendekezo hayo matatu yakatangazwa kuondolewa. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha mswada uliosalia, 106 wakaupinga, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni huku risasi zikirindima. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kote nchini.

Wengi hukumbuka moshi wa vitoa machozi. Mimi hukumbuka zaidi majuma yaliyotangulia, vijana walipoufungua mswada kifungu kwa kifungu na kuueleza TikTok na X kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama. Mswada huchapishwa kwa Kiingereza cha mawakili, na kati ya Kiingereza hicho na kikaango cha mahamri pana pengo. Kuliziba pengo hilo ndiyo kazi ya mwanaharakati na mchambuzi asiye na kampuni nyuma yake. Haya yafuatayo ni ya kukusaidia uifanye kazi hiyo bila kumpoteza mtu, wala kujipoteza mwenyewe.

Anza na karatasi yenyewe. Miswada hupatikana bure kwenye tovuti ya Bunge, na sheria zilizokwishapitishwa ziko kwenye tovuti ya Kenya Law. Mswada wa fedha una kalenda yake: Hazina huufikisha Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Kwa hiyo Mei ndio mwezi wa kusoma. Anayengoja Juni husoma huku anakimbia.

Ukiufungua utashangaa: hauelezi kitu. Utakuta sentensi kama "Jedwali la Pili la sheria fulani linarekebishwa kwa kufuta aya fulani". Aya hiyo inasema nini? Mswada haukwambii, ni lazima ufungue sheria mama uitafute. Mimi huziweka zote mbili mezani, mswada kushoto na sheria mama kulia, na kalamu nyekundu ya kukata maneno yanayofutwa. Ni kazi ya kuchosha, nusu siku kwa kurasa chache. Lakini ukimaliza hutishwi na mtu, awe mbunge au mwanaharakati mwenzako anayepiga chumvi.

Tazama pia kifungu cha kwanza, ambacho watu hukiruka wakidhani ni cha jina tu. Humo ndimo zimeandikwa tarehe za kuanza kutumika. Vifungu vingine huanza 1 Julai, vingine husubiri Septemba au Januari. Muuza mahamri akiuliza "lini?", jibu liko hapo.

Jambo linalowaangusha wachambuzi wengi ni tofauti kati ya bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia sifuri na ile iliyosamehewa VAT. Mtu husikia "imesamehewa" akapiga vigelegele. Subiri kwanza. Chukua mkate wa shilingi 65. Ukiwa kwenye orodha ya asilimia sifuri, mnunuzi hatozwi VAT, na mwoka mikate anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye vifaa na huduma alizonunua. Ukihamishiwa kwenye orodha ya msamaha, mnunuzi bado hatozwi VAT waziwazi, ila mwoka mikate hawezi kudai chochote, na hasara hiyo huitia kwenye bei. Ukiondolewa kwenye orodha zote mbili, asilimia 16 ya 65 ni shilingi 10 na senti 40, na risiti itaonyesha. Njia ya katikati ndiyo ngumu kuiona, kwa sababu bei hupanda pasipo neno kodi kutajwa. Mswada wa 2025 ulipendekeza kuhamisha baadhi ya bidhaa hivyo hivyo, kutoka sifuri kwenda kwenye msamaha.

Wala usidhani pendekezo likiondolewa limezikwa. Baadhi ya yaliyokuwa kwenye mswada wa Juni 2024 yalirudi katika sheria ya marekebisho ya kodi iliyotiwa sahihi Desemba mwaka huo huo, wakati watu wanafikiria pilau ya sikukuu.

Sasa umesoma, unataka kusema. Tenga mambo mawili ambayo mdomo hupenda kuyachanganya. "Kifungu hiki kinaongeza ushuru" ni habari, na msikilizaji ana haki ya kuambiwa ni kifungu kipi. "Kifungu hiki kinamwonea maskini" ni maoni yako, na una haki ya kuyatoa kwa ukali upendao. Mimi hutaja namba ya kifungu kwa sauti, hata kama inaboa. Sikuwa na tabia hiyo zamani. Mwaka mmoja nilisoma hewani tarakimu niliyoitoa kwenye picha ya skrini iliyokuwa ikizunguka WhatsApp, nayo ilikuwa ya mswada wa mwaka uliopita. Nilirudi siku iliyofuata nikasahihisha, kwa sauti ile ile na saa ile ile. Marekebisho ya kunong'ona, yaliyofichwa chini ya video, hayarekebishi kitu.

Kisheria, Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza, na 34 uhuru wa vyombo vya habari. Ulinzi huo hauhusu uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala propaganda ya vita. Kosa la jinai la kuharibia mtu jina lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya fidia ingali ipo, na fidia inaweza kukumalizia mbuzi wote zizini. Kinga yako katika kesi hiyo ni kwamba maoni yamesimama juu ya jambo la kweli na yanahusu maslahi ya umma. Halafu iko sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, iliyoweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha habari za uongo kwa kujua. Vifungu vyake vimepiganiwa mahakamani tangu mwaka ule ule, kwa hivyo muulize wakili jinsi vilivyo leo.

Ukikosa habari, idai. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema namna. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Sanaa yote iko katika kuuliza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliandika, "Naomba habari zote kuhusu barabara yetu." Akajibiwa kwa kijitabu chenye picha ya kiongozi kwenye jalada. Tukaliandika ombi lake upya: "Naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa barabara hii, orodha ya kazi na gharama ambayo wakandarasi huiita BQ, na vyeti vya malipo vilivyotolewa katika mwaka wa fedha 2023/2024." Vitu vitatu vyenye majina. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Siku 21 zikipita kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama ofisi ya Ombudsman.

Kuhusu maandamano ya barabarani nitasema machache. Ibara ya 37 inakuruhusu kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria inamtaka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi ilani ya maandishi, siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla, ikitaja saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, pamoja na njia mtakayopita. Ni ilani, si ombi la ruhusa, ingawa vituoni huipokea kana kwamba unaomba mkopo. Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama muda huo ukiisha wakati imefungwa. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu ya wino. Simu huchukuliwa kwanza.

Iko pia njia ya kuliandikia Bunge lenyewe. Ibara ya 118 inalitaka lishirikishe umma, na tangazo la kualika maoni hutoka magazetini likiwa na tarehe ya mwisho. Waraka huandikiwa Karani wa Bunge la Taifa. Taja kifungu, sema unataka kifutwe au kiandikweje, kisha toa sababu. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa Ibara ya 120, kwa hivyo usijipinde.

Waraka wetu wa 2024 tuliuandikia kibarazani kwa muuza mahamri. Nilimsomea kifungu, nikamfasiria, akanyamaza kidogo huku akigeuza mahamri kwa kijiti. Kisha akaanza kutaja: mtungi wa lita 20 humfikisha siku ngapi, hamri moja huuza bei gani, wanafunzi wangapi hununua kwa mkopo hadi Ijumaa. Nikayaandika kama alivyoyasema. Akaomba asomewe tena, akanisahihisha mahali pamoja, si siku nane, ni saba na nusu, akapangusa mikono yenye unga kwa leso, akatia sahihi. Tukakimbilia kwa mpiga chapa wa kona, ukatumwa kabla ya saa kumi na moja jioni, saa ya mwisho.