USAHIHI NI AMANA



Katika chuo ninachofundisha, wanafunzi wapya wa Kiarabu huwapa kwanza maneno mawili: qalb na kalb. La kwanza maana yake ni moyo, la pili ni mbwa. Herufi qaf hutoka mwisho wa ulimi karibu na koo, na kaf hutoka mbele yake kidogo. Wanafunzi hucheka, lakini somo lenyewe si la kuchekesha. Mtu akiomba asafishiwe moyo wake, kisha akatamka kwa uvivu, Mwenyezi Mungu aijua nia yake. Bali mwanadamu mwenzake hana ila neno alilolisikia.

Hapo ndipo penye asili ya jambo ninalotaka tulitafakari. Wenzetu hawaioni mioyo yetu. Wanategemea tunayoyasema, tunayoyaandika na tunayoyapima. Kwa hiyo usahihi si tabia ya makarani na mafundi saa peke yao, bali ni sehemu ya uaminifu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu imo katika Sura Al-Baqarah, nayo haielezi Sala wala Saumu, bali inaeleza mkopo. Inawaagiza waaminio waandike deni na muda wake, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa mwenyewe ndiye atamke yatakayoandikwa, na mashahidi wawepo. Tena inakataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Huenda mtu akauliza: Je, waaminio hawaaminiani? Wanaaminiana, lakini kumbukumbu husahau, na watu hufa. Mdai akifariki bila maandishi, wajane na mayatima wake watadai kwa ushahidi gani? Na mdaiwa aliyekwisha lipa atajiteteaje mbele ya warithi? Mstari mmoja wenye kiasi na tarehe ungeziokoa nyumba mbili na uadui.

Hebu tutazame tukio lililotokea Kanada tarehe 23 Julai 1983. Ndege ya shirika la Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton. Vipimo vyake vya mafuta vilikuwa vimeharibika, ikabidi mafuta yahesabiwe kwa mkono. Zilihitajika kilo 22,300. Lakini waliohesabu walitumia namba ya kugeuzia lita kuwa ratili, wakadhani wamepata kilo. Kwa kuwa ratili haifikii hata nusu ya kilo, ndege iliruka ikiwa na mafuta chini ya nusu ya yaliyotakiwa, na injini zote mbili zikazimika angani. Kwa rehema ya Mungu na ustadi wa rubani, ilitua Gimli, kwenye kiwanja cha zamani, na watu wote 69 wakasalimika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kuzidisha kwao kulikuwa sawa; ila hakuna aliyeuliza, “Namba hii ni ya kilo au ya ratili?”

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba wewe si rubani. Mama anapompa mtoto dawa ya maji, kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15. Akichukua kijiko chochote kilicho karibu, aweza kumpa mwanawe dawa mara tatu ya aliyoandikiwa. Mapenzi yake kwa mtoto hayatapunguza hata tone moja.

Basi tuzoee mambo matatu. Kwanza, tuandike: kiasi, tarehe na jina. Pili, tukiisha kuhesabu, tuhesabu tena, na ikiwezekana mwingine ahesabu pamoja nasi. Tatu, tusilolijua tuulize, wala tusione haya. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, lakini madhara ya kukisia huenda yakadumu umri mzima.

Watu wengi husema “Nilidhani” kama kwamba neno hilo linafuta kosa. Halilifuti, hasa pale ambapo njia ya kuhakikisha ilikuwapo nasi tukaiacha kwa uvivu. Aliyekabidhiwa amana huiangalia kwa macho yake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa waaminifu katika madogo, ili tuaminiwe katika makubwa. Amin.