Springi ya Dukani Ikiitwa Irudishwe

Vikundi vyenye pikapu ya maziwa au mahindi, somo hili tunawaletea ninyi.

Mtengenezaji akigundua hitilafu ya hatari, hutangaza gari lirudishwe, litengenezwe bure. Mwaka 2014, huko Marekani, Toyota iliita pikapu za Tacoma zipatazo 690,000. Springi za nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangana, ziliweza kuvunjika kwa mkazo na kutu, kipande kikagusa hata tangi la mafuta.

Gari hutafutwa kwa namba ya chesisi. Lakini springi, shoki au bolijointi mliyonunua dukani baadaye, mtengenezaji atajuaje iko kwenu? Hapo tangazo hupotea njiani, na bolijointi ikikatika gurudumu hulala, usukani haushiki tena.

Basi katibu aweke risiti, boksi, namba iliyochapwa kwa kipuri na tarehe kilipofungwa. (Mafundi hupenda sana kutupa boksi!) Tangazo likija, linganisheni namba. Zikifanana, gari lisimame, hata kama kesho ni siku ya soko, na kipuri kirudi kwa aliyewauzia. Msikiuze kama chuma kizee. Kitafungwa kwa gari la mwingine.

Zungumzeni: risiti za gari letu ziko kwa nani?