Siku Moja ya Brashi: Jinsi ya Kumzuia Mbu wa Mchana Nyumbani Kwako

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mbu ni adui wa usiku. Giza likiingia tunafunga madirisha, tunachomekea chandarua na kulala. Kwa malaria hiyo ndiyo kinga, na isiachwe hata usiku mmoja. Lakini homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na tena 2019 walipougua maelfu ya watu, huenezwa na mbu mwingine kabisa: Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na jioni kabla halijazama. Ndiye pia anayeeneza chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kwenye miaka ya 1952 na 1953, na ambao umewahi kuisumbua Lamu na Mombasa.

Mbu huyu huzaliana zaidi majumbani kuliko porini. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na mara chache huruka zaidi ya mita 400 kutoka alikozaliwa. Aliyekuuma ukifua nguo uani huenda alizaliwa kwako au kwa jirani yako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga imo mikononi mwa wenye nyumba. Fanya hivi.

1. Chagua siku moja ya wiki na uishike

Kwenye joto letu, yai la Aedes huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Ukikagua vyombo vyote kila baada ya siku 7, unawakuta wengi bado ni viluwiluwi majini, kabla hawajaota mbawa. Ukiruka wiki moja, kizazi kizima kinakuponyoka. Jumamosi asubuhi, wakati wa usafi wa nyumba, inafaa kwa familia nyingi. Wape watoto kazi ya kutafuta viluwiluwi. Macho yao ni makali.

2. Sugua, usimwage tu

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Jike hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo hunata hapo. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha maji yakirudi yanaanguliwa. Ndiyo maana mbu hufumuka mara tu baada ya mvua za kwanza. Chukua brashi ngumu au dodoki na sabuni, usugue kuta za ndani za pipa, diaba na ndoo mpaka ukingoni, usuuze, ndipo ujaze upya. Maji yenye viluwiluwi yamwage kwenye udongo mkavu, yasiende mtaroni.

3. Funika pasibaki upenyo

Panapokuwa na mgawo wa maji hakuna anayeweza kuishi bila akiba, na hakuna sababu ya kuiacha. Kinachotakiwa ni mfuniko unaobana. Kipande cha bati kilichoegeshwa juu ya pipa humwachia mbu mlango. Tumia wavu wa madirisha au kitambaa kizito kisafi, ukifunge kwa mpira kuzunguka ukingo. Kwenye simtanki, angalia pia bomba la kupumulia na la kumwagia maji yanayozidi; yote mawili yafungwe wavu.

4. Kagua pasipoonekana

Zunguka nyumba ukiangalia trei iliyo nyuma ya friji, sahani chini ya vyungu vya maua, chombo cha maji ya kuku, ndoo ya kukingia maji ya kiyoyozi, na mfereji wa bati ulioziba kwa majani. Angalia vifuu vya nazi, makopo na vipande vya chupa vilivyopachikwa juu ya ukuta. Matairi mabovu ni hatari kuliko vyote kwa sababu maji yake hayamwagiki kirahisi: yaweke chini ya paa, au yatoboe.

5. Linda mwili mchana

Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET au ikaridini kwa kufuata maelekezo ya kopo, na upake tena muda wake ukiisha. Nguo za mikono mirefu na za rangi nyepesi zinasaidia. Mtoto mchanga anayelala mchana alale ndani ya chandarua. Mgonjwa wa dengue naye alale ndani ya chandarua mchana kutwa, kwani mbu akimuuma katika siku za kwanza za homa huchukua virusi na kuvipeleka kwa wengine wa nyumba hiyo.

6. Homa ikija, pima kwanza

Dengue na malaria huanza kwa kufanana: homa kali, kichwa na viungo kuuma. Nenda kituo cha afya upimwe; usimeze dawa mseto ya malaria wala antibayotiki kwa kubahatisha. Ikishukiwa dengue, tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoelekezwa na unywe maji, uji na madafu kwa wingi. Epuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, maana zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Kuwa macho zaidi homa inapoanza kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, akitokwa damu puani au kwenye fizi, au akilegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Ukisugua peke yako huku jirani ana matairi kumi yaliyojaa maji, kazi yako haijakamilika. Zungumza naye, na umwombe mjumbe wa shina atangaze siku moja ya usafi kwa mtaa mzima. Brashi, sabuni na saa moja ya Jumamosi vipo katika kila nyumba. Anza wiki hii, kabla mvua hazijaanza.