SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA KEEKEE YA BETRI



Wenzetu wa Nkungu, wachumaji wa chai ambao siku za mapumziko hujenga nyumba, wametuuliza: fedha ya kikundi ikinunua keekee ya betri, inunue ipi? Fedha hiyo ni akiba ya miezi mingi, kwa hiyo tueleze taratibu.

Kwanza tuondoe kosa moja. Kasha moja limeandikwa volti 18, jingine 20, na muuzaji anaapa kwamba ya 20 ina nguvu zaidi. Mara nyingi si kweli. Ndani ya zote mna seli tano za lithiamu zilizofuatana. Kila seli ina volti 3.6 ikiwa kazini, yaani jumla 18; ikitoka kwenye chaja ina kama volti 4, yaani 20. Betri ni ile ile.

Hesabu yenye maana ni kuzidisha volti kwa ampea-saa. Volti 18 mara ampea-saa 2 ni wati-saa 36; mara ampea-saa 5 ni wati-saa 90. Hiyo ndiyo akiba ya kazi. Lakini betri kubwa ni nzito, na fundi anayepiga skrubu za mabati juu ya kenchi kutwa nzima atausikia uzito huo begani. Kwa paa sisi tungechukua ndogo mbili, moja kazini na moja kwenye chaja. Anayenunua betri moja tu hukaa chini akisubiri.

Jihadharini na betri za bandia. Ya volti 18 na ampea-saa 5, hata iwe ya aina nyepesi, seli zake peke yake hupita gramu 300. Iwekeni kwenye mizani ya duka. Ikiwa chini ya hapo, maandishi yanadanganya.

Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye zana ya nyingine. Basi anayechagua keekee ya kwanza amekwisha kuchagua msumeno na grainda za kesho. Ulizeni kwanza Kamembe kama betri zake zinauzwa pekee. Ng'ambo, Bukavu, mnaweza kuambiwa bei nafuu, lakini ikiharibika mtavuka mpaka kuidai?

Tofali la kuchoma hutobolewa na keekee ya kawaida yenye kugonga. Zege huhitaji ile nzito yenye pistoni, na kwa matundu machache ni afadhali kuikodi. Palipo na umeme, ya waya ni rahisi zaidi. Mota isiyo na kaboni ni ghali kidogo, ila haina kaboni za kubadilisha na hula chaji kidogo. Kwa zana ya mikono mingi inafaa. Za nikeli na kadmiamu, aina iliyotumiwa na Black & Decker mwaka 1961 katika keekee yake ya kwanza ya betri, msinunue, maana kadmiamu ni sumu.

Toeni betri kabla ya kubadilisha ncha.

Na miwani je? Sheria ya Kazi ya Rwanda Na. 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Akiwatuma kutoboa ukuta wa kiwanda, miwani ni juu yake. Akitaka na keekee ya kikundi, aandikiane nanyi kodi yake kabla haijatoka nyumbani.