SOMO: Mwalimu, simu na akili bandia

Wazazi wanaoishi katika kambi na katika familia za wapokezi wanaweza kutuuliza: kwa nini kusema juu ya simu na mashine wakati watoto wetu wanakaa chini, bila daftari? Ni swali la haki. Mtoto aliyekimbia vita anaweza kusoma chini ya mti, lakini hawezi kusoma bila mwalimu anayejua kazi yake. Na mwalimu huyo naye amekimbia. Ameacha vitabu nyumbani, ametengana na wenzake aliozoea kuwauliza, na pengine mkaguzi hafiki tena.

Tutazame kwanza Kakuma, kambi ya Kenya ambamo wamo pia Wakongomani wengi. Mwaka 2016 chuo cha ualimu cha Columbia, Marekani, na mashirika yanayosimamia shule waliwaandalia mafunzo waalimu wa huko, wengi wao wakimbizi ambao hawakusomea ualimu. Baada ya semina hawakuachwa. Waliingia katika madarasa ya wenzao, wakatazama, wakashauriana, na wakaendelea kuulizana kwa WhatsApp na waalimu wenye ujuzi walio nchi za mbali. Simu iliendeleza kazi ambayo watu walikuwa wameianza uso kwa uso.

Sasa imekuja akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022, mwenye simu na mega kidogo anaweza kuuliza swali na kujibiwa mara moja. Tuchukue mfano. Mwalimu wa mwaka wa nne wa msingi ana watoto 90, na wengi hawajaelewa nusu na robo. Anaomba njia ya kufundisha bila kitabu. Mashine inamwambia alete mihogo, aikate mbele ya watoto. Wazo si baya, ila mashine haijui kwamba watoto hao hawajala tangu jana. Mwalimu anajua. Anachukua kamba, anaikunja iwe sehemu mbili, kisha sehemu nne, na somo linaendelea. Hapo ndipo tunaona mwalimu amekua: hakunakili, alichagua.

Tuelewe pia jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Imelishwa maandishi mengi sana, na inakisia neno gani lifuate neno lingine. Ndiyo sababu inaweza kubuni jibu na kulitoa kwa uhakika uleule kama jibu la kweli. Kwa Kifaransa inajua mengi, kwa Kiswahili kidogo, kwa Kinande au Kihunde kidogo zaidi.

Kosa la hesabu husahihishwa ubaoni. Kosa juu ya nani alitangulia kukaa katika kilima fulani, au ardhi ni ya nani, linaweza kutoka darasani na kufika nyumbani kabla ya jioni. Sisi wa Kivu tunajua maneno ya namna hiyo yametugharimu nini. Kwa hiyo tunasema wazi: historia ya jamii zetu isichukuliwe kutoka mashine peke yake. Waalimu wailete kwanza katika kikundi chao, pamoja na wazee wa jamii mbalimbali. Wala tusiandike ndani yake jina la mtoto, kabila lake au mahali familia ilipojificha.

Inabaki shida ya mega na ya moto wa kuchaji. Mwalimu asiyepata mshahara hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Simu moja inatosha waalimu watano wakikutana mara moja kwa juma, na iwekwe mahali ambapo waalimu wa kike wanaifikia bila kuomba ruhusa, jambo ambalo kamati nyingi husahau.

Kwa mazungumzo katika kamati: hapa kwetu, ni nani angechaji simu hiyo? Waalimu wetu wakutane siku gani? Na jibu la mashine likileta mashaka, tumpelekee nani kwanza?