MASOMO YA MTOTO HUANZIA NYUMBANI

Wazazi wengi hudhani kwamba masomo ya mtoto huanza siku aingiapo shule. Dhana hiyo si sawa, na ushahidi wake ulipatikana katika nchi ya Kericho yenyewe.

Kati ya mwaka 1972 na 1975, wataalamu wawili kutoka Marekani, Charles Super na Sara Harkness, walikaa na Wakipsigis wa kijiji walichokiita Kokwet. Waliona kwamba kina mama huko waliwafundisha watoto wachanga kuketi na kutembea. Mtoto alichimbiwa shimo dogo, akaegemezwa kwa blanketi asianguke, mpaka mgongo ukapata nguvu. Kwa hiyo watoto hao waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika mambo wasiyofundishwa hawakuwatangulia.

Lakini watoto wadogo walipoombwa wasimulie hadithi mbele ya mtu mzima, wengi walinyamaza. Hawakuwa wajinga. Adabu ya nyumbani iliwazoeza kusikiliza na kutii wakubwa, wala si kuulizwa maoni yao. Siku hizi mtoto wa miaka minne akiingia darasa la awali, mwalimu humtaka aseme. Asiyezoea kuzungumza na mtu mzima aweza kudhaniwa kuwa hajui kitu.

Basi yafaa mzazi atengeneze vitu vya kuchezea pamoja na mtoto, huku wakizungumza. Vitu vyenyewe havihitaji fedha.

1. Ng'ombe wa udongo. Udongo wa mfinyanzi uondolewe mawe, ukandwe kwa maji kidogo mpaka usinate mkononi. Mtoto wa miaka mitatu ataweza kuviringa mwili na miguu minne. Mtu mzima amsaidie kutia pembe. Ng'ombe wakaushwe kivulini wasipasuke, kisha wajengewe boma la vijiti. Mtoto aulizwe: Wako wangapi? Yupi mkubwa? Yupi amebaki nje?

2. Gari la mabua. Mtu mzima ayamenye mabua makavu ya mahindi, kwa sababu ganda lake hukata kama wembe. Moyo wake mwepesi ukatwe vipande, viunganishwe kwa vijiti vyembamba. Magurudumu yakatwe katika kandambili zilizochakaa. Mtoto aeleze gari linakwenda wapi na limebeba nini.

3. Majani ya chai. Kila mchumaji ajua kwamba chai njema ni majani mawili na chipukizi. Katika shamba la nyumbani, ambalo halijanyunyiziwa dawa, yachumwe machache, mazuri na yaliyokomaa pamoja. Mtoto ayatenge mafungu mawili, aseme kwa nini ameweka hili huku na lile kule. Kisha ahesabu majani na chipukizi kwa lugha ya mama: agenge, aeng', somok, halafu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Ajuaye kuhesabu kwa lugha yake hujifunza kwa urahisi hesabu ya lugha ya pili.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe maharagwe, punje za mahindi wala vizibo vya chupa, maana huvitia kinywani au puani, navyo vyaweza kumziba pumzi. Huyo apewe mpira wa matambara, au sufuria na mwiko apige ngoma.

Wazazi wachumao chai hurudi jioni wamechoka, na mara nyingi mtoto hushinda na nyanya yake au dada yake. Hao nao wafundishwe michezo hii. Robo saa karibu na meko yatosha, mradi mkubwa aulize, kisha asubiri jibu bila kumjibia mtoto. Mtoto akikosea asichekwe, bali asaidiwe kujaribu tena.

Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji.